Ndege ya mabawa tisa juu ya meza: modeli ya karatasi ya Caproni Ca.60

Natanguliza uamuzi wangu, maana wengine mtasoma aya moja mwende zenu: modeli hii inunueni. Ina kasoro, nitazitaja zote, na moja kati yazo ni kubwa. Lakini kwa bei yake sijapata kitu kinachomfahamisha mtu ndege ya Caproni Ca.60 kuliko kuikata kwa wembe na kuibandika kwa mikono yake mwenyewe. Picha za ndege hii zimejaa mtandaoni, na chini ya kila picha kuna watu wanaocheka. Mimi ni fundi wa ndege, kazi yangu iko uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na kicheko kile kinaniudhi. Ndiyo maana nimeandika kirefu.

Kwa asiyeijua: Ca.60 ilikuwa ndege ya abiria ya kuruka na kutua majini. Aliibuni Gianni Caproni, mzaliwa wa Trentino, ikajengwa Sesto Calende, mji wa Italia ulio upande wa kusini wa Ziwa Maggiore, pale mto Ticino unapotoka ziwani. Iliingia majini mwaka 1921. Azma ilikuwa kuvusha watu 100 bahari ya Atlantiki. Mkumbuke kwamba Alcock na Brown walivuka Atlantiki bila kutua, kwa mara ya kwanza duniani, mwaka 1919 tu, watu wawili ndani ya ndege ya vita, saa kama 16 angani, wakaishia kuchomeka pua kwenye tope la Ireland. Na huyu bwana tayari anapanga viti mia.

Ilikuwa na mabawa tisa, yaani seti tatu za mabawa matatu yaliyopandana, moja mbele, moja katikati, moja nyuma. Injini nane. Mkia wa kawaida haukuwepo kabisa. Chini ya yote hayo kulikuwa na kiwiliwili kirefu kama mashua yenye nyumba, chenye madirisha makubwa ubavuni.

Sasa bidhaa. Ni faili la kompyuta lenye kurasa 22 za A4, kwa kipimo cha moja kwa mia. Mchoraji ndiye muuzaji, yuko Ulaya, na simtaji jina kwa kuwa nitamlaumu mbele. Nililipa kwa kadi ya mtandaoni ya simu, ikatoka shilingi za Kenya 1,900 na kidogo, na faili likaingia kwenye barua pepe kabla sijaweka simu chini. Ikikamilika inakuwa na urefu wa sentimita 23 na nusu na kimo cha sentimita 9. Inakaa juu ya rafu ya vitabu bila kusumbua mtu.

Uchapaji ndio mahali wengi watakapopoteza pesa, kwa hiyo sikilizeni. Ndege yenyewe ilikuwa na mita 30 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya pili, kwa hiyo kwenye modeli ni sentimita 30. Karatasi ya A4 ina sentimita 29.7, na mashine huacha ukingo mweupe kila upande. Bawa halienei. Mchoraji ameamua kulikata kila bawa vipande viwili na kukupa kiungo cha kubandika katikati. Mabawa tisa, viungo tisa, na kila kiungo ni mahali pa bawa kupinda au kulegea mvua ikianza na hewa ya nyumbani ikawa na unyevu. Dawa yake ni kuchapa mabawa kwenye A3, vipande viwili vikiwa vimeunganishwa kwenye kompyuta kabla ya kutoka kwenye mashine.

Mimi nilipeleka faili River Road, Nairobi, orofa ya pili ya jengo moja wanakochapa kadi za harusi na programu za mazishi. Kijana wa mashine aliitazama skrini muda mrefu.

"Mzee, hizi ni ngazi?"

"Ni mabawa."

"Ya ndege moja?"

"Ndege moja."

Akamwita mwenzake aje aone. Kisha akakaa, akaunganisha vipande vya mabawa yote tisa, bawa moja moja, akahakikisha mistari inakutana, na hakuniongeza hata shilingi kwa kazi hiyo. Alinitoza 80 kwa kila karatasi ya A3 yenye rangi, kadi ya gramu 160. Ukienda kwa yeyote mwenye mashine, mwambie achape kwa asilimia mia, asiruhusu kompyuta ipunguze mchoro ili uenee. Kuna mstari wa sentimita kumi kwenye ukurasa wa kwanza. Upime kwa rula pale pale kaunta kabla hujatoa pesa.

Gramu 160 zinatosha kwa mabawa na ngozi ya nje. Kwa mifupa ya ndani ya kiwiliwili chukua gramu 250, au bandika karatasi mbili pamoja na uzilaze chini ya kitu kizito usiku kucha. Gundi ni Ponal ya maji, kidogo sana, kwa ncha ya kijiti cha meno. Gundi ya haraka inaacha madoa ya kung'aa na haikupi nafasi ya kusogeza kipande.

Tuje kwenye mabawa, kwa sababu ndiyo yanayochekwa.

Caproni hakuamka asubuhi akaota mabawa tisa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kiwanda chake kilikuwa kikitengeneza ndege kubwa za kudondosha mabomu, na mojawapo, Ca.4, ilikuwa na mabawa matatu yaliyopandana. Vita vilipoisha Novemba 1918, oda za jeshi zilikauka. Alikuwa na mafundi, alikuwa na michoro iliyokwisha kujaribiwa angani, na kulikuwa na injini za Liberty za Kimarekani zilizotengenezwa kwa maelfu kwa ajili ya vita, kila moja na nguvu ya farasi 400 hivi. Akachukua seti ya mabawa ya aina ya Ca.4 na kuiweka mara tatu juu ya mashua moja. Hiyo ni akili ya fundi yeyote wa mtaani Kariobangi: anza na kile ambacho tayari kinafanya kazi.

Na hesabu inamuunga mkono. Ndege ile ikiwa na mzigo kamili ilikadiriwa kuwa na kilo 26,000, na mwendo wake wa juu ulikuwa kilomita 130 kwa saa. Matatu nyingi za Thika Road, zile basi ndogo za abiria za Nairobi, zinaujua mwendo huo. Nguvu ya bawa kubeba inakua kwa mraba wa mwendo: ukipunguza mwendo kwa nusu, bawa lile lile linabeba robo tu. Kwa hiyo ndege nzito isiyokimbia haina njia ila kutandaza bawa kubwa mno. Ca.60 ilitandaza mita za mraba 836. Embraer 190 inayotupeleka Mombasa inabeba watu karibu mia vilevile, na upana wake ncha kwa ncha ni mita 28.7, karibu sawa kabisa na Caproni, lakini eneo la bawa lake ni mita za mraba 92 na nusu. Inatosha kwa sababu Embraer inakimbia. Injini nane za Liberty zote pamoja zilitoa nguvu ya farasi 3,200 hivi, ndani ya ndege ya mbao na kitambaa, na bawa moja refu la kubeba tani zote zile lingevunjika begani. Basi gawa eneo hilo katika mabawa mafupi, yapandanishe, yafunge kwa nguzo na nyaya mpaka yawe sanduku. Ukielewa hivyo, tisa si wazimu tena.

Gharama yake unaiona ukianza kubandika nguzo. Kila nguzo na kila waya ni kitu kinachopambana na upepo, na mabawa ya nyuma yanaruka ndani ya hewa ambayo ya mbele yameshaivuruga. Modeli inakuonyesha hayo bila maneno: baada ya seti ya kwanza tu, ukiitazama kutoka mbele, huoni ng'ambo kwa wingi wa vijiti.

Mchoraji anakutaka uzisokote nguzo kwa karatasi. Usihangaike. Vijiti vya meno vya mianzi, ukivipunguza kidogo kwa msasa, vinakaa imara zaidi na vina unene unaofaa. Kwa nyaya nilitumia uzi mweusi wa cherehani niliouvuta juu ya nta ya mshumaa ili usitoe manyoya. Hapa kuna jambo ambalo maelekezo hayasemi, na ni jambo la msingi kwa ndege halisi za aina hii pia: nyaya za mshazari hukazwa kwa jozi. Uzi wa kulia vuta kidogo, wa kushoto kidogo, rudi kulia. Ukiukaza mmoja hadi mwisho kabla hujaugusa mwenzake, sanduku lote linalala upande, na bawa la juu linapata msokoto ambao huutoi tena. Jenga kila seti ikiwa imesimama ndani ya fremu. Mimi nilikata kadibodi ya pakiti ya unga, nikatoboa nafasi za mabawa matatu kwa vipimo vya ukurasa wa 9, na seti zote tatu zikatoka sawa.

Kasoro kubwa iko hapo hapo. Mchoraji ameziweka seti zote tatu kwa kimo kimoja. Tazama picha yoyote ya Ca.60 iliyopigwa kutoka ubavuni: seti ya kati iko chini kuliko ya mbele na ya nyuma. Halikuwa pambo. Kwa jicho langu la kazi, ukiishusha seti ya kati unaipa angalau hewa isiyochafuliwa sana na ile ya mbele, na pia unaisogeza karibu na maboya mawili ya pembeni yaliyofungwa chini yake. Maboya hayo, kwa njia, yalibuniwa na Alessandro Guidoni, mhandisi wa ndege za majini aliyekufa mwaka 1928 akijaribu parachuti, na mji wa Guidonia karibu na Roma ukapewa jina lake. Mtu aliyechora kila dirisha la chumba cha abiria hakupaswa kulikosa hili la mabawa. Linarekebishika ukilijua mapema: fupisha nguzo zinazounganisha seti ya kati na paa la kiwiliwili, kwa kipimo utakachokipata kwenye picha ya ubavuni. Lakini mnunuzi asiyeambiwa atamaliza kujenga akiwa na ndege ambayo haikuwahi kuwepo.

Kasoro nyingine ni ndogo. Mbao za kiwiliwili zimetiwa rangi nzito mno, kurasa za maelekezo hazifuati mpangilio wa ujenzi, na stendi aliyoichora ni nyembamba, inayumba. Tengeneza yako.

Sifa sasa, na anazistahili. Chumba cha abiria kimeshughulikiwa kwa upendo. Mabenchi ya mbao yamepangwa watu wakae wakitazamana, choo kiko nyuma, na mbele kuna nafasi ya marubani wawili bega kwa bega, wazi, bila paa, huku abiria wao wamekaa ndani penye joto. Matangi ya mafuta yameoneshwa yalipokuwa, darini mwa chumba hicho hicho, karibu na seti ya kati. Nilipoyabandika nilisita. Leo hakuna mamlaka ya anga itakayokuruhusu kumkalisha abiria chini ya tangi la petroli namna ile, lakini mwaka 1921 uzito wa mafuta ulibidi ukae katikati ya ndege ili usiivute mbele wala nyuma yakipungua, na katikati ndipo palipokuwa na watu.

Kipande nilichokipenda kuliko vyote ni vijumba vya injini. Injini nne ziko kwenye seti ya mbele na nne kwenye seti ya nyuma. Seti ya kati haina. Kwenye kila kundi, kijumba cha katikati kina injini mbili, moja inavuta na nyingine inasukuma, na pembeni kuna moja moja. Mchoraji ameacha matundu madogo ambamo mafundi wa injini walikaa wakati wa kuruka, upepo wote ukiwapiga usoni. Ni watu wa kazi yangu hao. Rubani alikuwa mbali nao, na kelele za injini nane hazingeruhusu sauti kupita. Caproni akaweka mfumo wa taa: rubani anawasha, fundi anaona kwenye ubao wake, anaongeza au anapunguza moto. Ubao mmoja wa aina hiyo ungali upo hadi leo kwenye jumba la makumbusho la Caproni mjini Trento, pamoja na maboya mawili, sehemu ya chini ya pua ya kiwiliwili na injini moja ya Liberty. Ndani ya modeli ubao huo ni mdogo kuliko ukucha wa kidole kidogo, na taa zake zimechorwa.

Ukingo wa nyuma wa mabawa umewekwa mistari ya kukunja ili vibao vya usukani vitembee. Msiache kuvikunja. Ndege isiyo na mkia inainuaje pua? Vibao vya seti ya mbele vinaongeza nguvu ya kubeba, vya seti ya nyuma vinapunguza, ndege inaangalia juu. Kinyume chake, inaangalia chini. Ukivishika kwa vidole na kuvigeuza pamoja unaona wazo zima kwa dakika moja. Ni wazo zuri. Lina udhaifu wake pia: ndege hiyo inategemea sana kitovu chake cha uzito, yaani pale uzito wote unaposawazika, kikae pale pale kilipowekwa, kwa sababu hakuna mkia mrefu wa kuiwekea breki ikianza kuinuka.

Na hapo ndipo ilipofia.

Mwezi wa Februari 1921 walianza kuijaribu ziwani, rubani akiwa Federico Semprini, mwalimu wa marubani wa jeshi aliyekuwa na sifa ya kuwahi kuizungusha ndege nzito ya mabomu ya Caproni duara zima la wima angani. Tarehe 4 Machi ilipaa ikiwa na mifuko ya mchanga ndani badala ya abiria. Ikainuka kwa mwinuko mkali kupita kiasi, ikafika mita 18 hivi, ikapoteza nguvu, ikaanguka majini na kuvunjika. Waliokuwemo walitoka salama. Maelezo ya Caproni yalikuwa kwamba mawimbi ya meli iliyopita yalimlazimu Semprini kuinua pua kabla ya mwendo kutosha, na kwamba ile mifuko ya mchanga, ambayo haikuwa imefungwa, iliteleza ikajaa nyuma.

Kabla sijabandika mabenchi nilifanya jaribio, na nawasihi mlifanye. Paa la chumba halibandikwi, linakaa tu. Nilifunga uzi kwenye bawa la juu la seti ya kati, nikausogeza mpaka modeli ikaning'inia sawasawa. Nikaweka sarafu chache za shilingi tano katikati ya sakafu. Bado sawa. Nikainua pua kwa kidole, kidogo sana. Sarafu ya kwanza ikateleza hadi chooni, nyingine zikaifuata, upande wa nyuma ukazama na pua ikatazama dari, na haikurudi hata nilipoondoa kidole.

Binti yangu alikuwa akifanya kazi ya shule mezani hapo hapo.

"Baba, kwani si ungezibandika tu?"

Ndivyo. Kila anayepanda ndege ndogo ya kwenda mbuga ya Maasai Mara kutoka Wilson anaujua usumbufu wa mizani: kilo 15, mfuko laini, na pengine wewe mwenyewe upande upimwe. Wageni hununa. Kisha mzigo unafungwa kwa wavu na mikanda, na rubani anakaa na karatasi yake kuhesabu kitovu cha uzito kabla ya kuwasha injini. Mizigo kama ile mifuko ya mchanga ya Ziwa Maggiore ndiyo sababu ya usumbufu huo.

Na watu walikuwa wakifa angani. Tarehe 2 Agosti 1919 ndege nyingine ya Caproni, Ca.48, iliyobadilishwa kutoka ile ya vita ili ibebe abiria, ilianguka karibu na Verona na wote waliokuwemo wakafa. Ilikuwa ajali ya kwanza kubwa ya ndege ya abiria nchini Italia. Caproni aliijenga Ca.60 akijua hayo. Mimi siwezi kumcheka mtu aliyejaza mchanga badala ya watu katika jaribio.

Alitaka kuijenga upya. Fedha hazikupatikana, ikaishia hapo. Lakini wazo la kuwapandisha abiria ndege juu ya ziwa halikuzama nayo. Mwaka 1937 ndege za majini za Imperial Airways, shirika la Uingereza, zilikuwa tayari zinatua Kisumu zikielekea Durban, kila moja na abiria wasiozidi 24, na baadaye ndege kama hizo zikawa zinatua Naivasha kwa ajili ya wasafiri wa Nairobi. Ni miaka 16 tu baada ya Sesto Calende. Caproni alikosea ukubwa na wakati. Mahali pa kutua alipapata.

Nani anunue? Mwenye subira na mwanga mzuri wa mchana. Mtoto wa miaka kumi na miwili ataweza kiwiliwili na maboya, lakini nyaya mwachie mtu mzima. Walimu wa fizikia, hasa, fikirieni jaribio la sarafu. Linaingia kwenye kipindi kimoja na mwanafunzi yeyote analielewa. Asiyependa kukata vipande vidogo, propela zitamtesa, anaweza kuziacha na kuweka duara la plastiki angavu kama kwamba zinazunguka. Gharama yangu yote, faili, kuchapa, gundi, vijiti na uzi, haikufika shilingi 4,000.

Nimemwandikia mchoraji kuhusu seti ya kati na kumwonyesha picha ya ubavuni. Amejibu siku iliyofuata, kwa adabu, kwamba amekubali, atarekebisha katika toleo lijalo na waliokwisha kununua watatumiwa bila malipo. Kuhusu kurasa za A3 hakusema kitu. Kwa sasa, nguzo za kufupisha ni zile za ukurasa wa 14, safu ya chini, zilizoandikwa namba kwa wino mwekundu. Zikate kabla hujafungua gundi.